Vibao Mia, Taa Nyekundu

Dada yangu,

Tu wazima, ila mlango wa jikoni bado unagoma kufunga, na wifi yako amenuna wiki nzima. Ati akiniita, najifanya sisikii. Wanawake nyie!

Uliniuliza habari za kazi. Kichwa changu hakielewi kitu. Nimeunda kifaa cha kupimia vibao vya sauti, vile vya ndani ya redio. Unakilaza kibao juu ya pini zenye springi, unabana mfuniko, kinatoa mlio mwembamba, maikrofoni inasikiliza. Mlio ukitosha, taa ya kijani, usipotosha, nyekundu. Kiwango cha kutosha nilikiweka kwa sikio langu, kama miaka yote.

Jana nikapima vibao mia. Vyote nyekundu! Nikabadilisha pini, nikachomelea nyaya upya, wapi! Nikapandisha mlio hadi mwisho. Mara nikashikwa bega. Ni mama wa idara ya ufungashaji, katoka kule mlango wa karakana mbio, viganja masikioni.

"Fundi, zima! Unatupasua vichwa!"

Nami nilikuwa nimekiinamia kifaa, nangoja mlio uanze.

Wenzangu wakavisikiliza vibao, kimoja kimoja. Vyote vizima. Sasa nimekaa na kifaa changu, sijui nirekebishe nini.

Mama yetu asijue kwanza. Ila wifi yako, tafadhali mpigie wewe. Mwambie sikuwa namdharau. Mimi nimejaribu mara tatu, maneno hayatoki.

Mdogo wako,
Fundi