Albamu Isiyo na Mwimbaji

Bwenini, 3 Februari

Kaka,

Hujambo wewe na kile kifua chako? Mimi sijambo, nakula, nalala, nasoma. Hapa kutwa nzima tunaongea lugha ya darasani, hata kuombana sabuni, kwa hiyo nikikuandikia hivi najisikia kama nimevua viatu.

Albamu mpya ya ile bendi yetu tunayoipenda imefika. Mwalimu wa muziki ameiweka kwenye kompyuta ya maktaba, na Jumamosi tunapokezana hedifoni. Kaka, si wale tena. Magitaa ya kurukaruka hakuna, viitikio vya kuimbia bafuni hakuna. Kuna kinanda, milango inafungwa, maji yanachuruzika. Bweni limegawanyika. Jirani yangu wa kitanda cha juu anasema wamelewa sifa. Kiranja anasema wamekua, sisi ndio tumebaki watoto. Jana walinuniana mpaka kwenye foleni ya chai. Mimi nilijifunika shuka wasije wakaniuliza.

Lakini wewe nakwambia: naipenda mpaka naona aibu. Yule dada anaimba kama amekaa begani kwangu ananinong'oneza, na maneno yake ni mimi mtupu. Wewe ndiwe uliyenifundisha bendi hii, na tangu uhame nyumbani ndiyo kitu pekee tunachozungumza bila mimi kukwama. Isikilize uniambie. Jibu lako naliogopa kidogo.

Mdogo wako,
Konokono

Karakana, 19 Februari

Konokono wangu,

Kifua kimepona, kimebaki kiburi. Ndivyo anavyosema bosi, eti ananiita nikiwa kwenye msumeno nami namnyamazia. Siku hizi ananiita Mheshimiwa mbele ya mafundi wote, na ameshasema nikiendelea hivi nikafungue karakana yangu. Sijui nimemkosea nini.

Albamu nimeisikiliza kitandani, mwanzo hadi mwisho, nikarudia kwa ajili yako. Dada gani anayeimba? Humo hamna mwimbaji. Kuna kinanda, milango, na kwa mbali kama jirani wa nyumba ya tatu anagombana na mumewe. Wamemfukuza yule dada, au wamesahau kumwasha? Nimeifuta. Bendi yetu imekufa, mdogo wangu, tuizike tuchague nyingine.

Soma kwa bidii.

Kaka yako

Bwenini, 2 Machi

Kaka,

Salamu. Mimi mzima.

Kama hukuisikiliza ungesema tu. Nimekwambia maneno yake ni mimi, nawe unanijibu humo hamna mtu. Una kazi sasa, una wenzako, naelewa. Usijilazimishe.

Mdogo wako

Bwenini, 23 Machi

Kaka,

Natumaini u mzima, na safari hii nauliza kweli. Hujanijibu, ni haki yako, lakini soma hii mpaka mwisho.

Leo jirani yangu wa kitanda cha juu aliniomba tugawane hedifoni, yeye kipande cha kushoto, mimi cha kulia. Nikasikia kinanda, milango, maji. Basi. Namtazama mwenzangu, machozi yanamtoka, huyohuyo aliyesema wamelewa sifa. Tukabadilishana. Dada huyu hapa. Kaka, wamemweka upande wa kushoto peke yake, albamu nzima.

Kwa hiyo hukunidanganya. Ila ama hedifoni yako imekufa kushoto, ama sikio lako. Nikamkumbuka bosi wako. Anapokuita husimama upande gani? Ipakue tena albamu, halafu zigeuze hedifoni, ya kushoto uivae kulia. Ukimsikia dada, achana na msumeno uende zahanati, kabla hujafukuzwa au hujakatwa mkono. Na ile barua yangu ichane.

Konokono

Bwenini, 13 Aprili

Kaka,

Barua zimegawiwa tena leo, yako haimo. Niandikie hata neno moja baya.

Mdogo wako

Karakana, 17 Aprili

Konokono,

Nipo, mzima, na nasikia. Kilichonichelewesha ni woga.

Hedifoni nilizigeuza siku ileile barua yako ilipofika. Dada akaanza kuimba sikio la kulia, wazi kabisa. Nikazivua nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikaona kazi imekwenda, maana nani atamwachia msumeno fundi asiyesikia? Nikawa nazunguka karakana nikimtegea bosi sikio zima kama jogoo. Mwishowe nikamwambia. Alinitazama weee, akasema, "Kumbe si kiburi," akanipeleka zahanati mwenyewe kwa gari la kubebea mbao.

Muuguzi kuchungulia tu, akacheka. "Fundi, humu umeweka akiba ya kutengenezea kabati." Nta na vumbi la mbao, vimeshikana kama gundi. Akanipa matone ya kulainisha, na niliporudi baada ya siku chache akasukumia maji ya uvuguvugu. Likatoka bonge ambalo sikuelezi, huenda unakula. Halafu nikasikia viatu vyake sakafuni, karatasi ikikunjwa, mtoto akilia chumba cha pili. Karibu nimkumbatie. Sikio lenyewe halina kidonda, wala ngoma yake haijatoboka. Ameniagiza nivae vizibo vya masikio msumeno ukiunguruma, na bosi amevinunua, vya kamba, amenivisha shingoni kama medali.

Jana nimeisikiliza albamu kwa masikio mawili. Maneno yale ni wewe kweli. Ulikuwa unaniambia mambo mengi, mdogo wangu, nami nimefurahi kuyasikia. Ila sikufichi: milango imezidi. Bado siipendi.

Kaka yako

Bwenini, 30 Aprili

Kaka mpendwa,

Hali yako nimeshaijua, kwa hiyo siulizi. Nimelia na kucheka pamoja mpaka matroni akadhani nimefiwa. Ikabidi nieleze, na nikaeleza kwa mdomo wangu, nimesimama, bweni zima likinisikiliza. Waliposikia lile bonge walicheka hadi kiranja akashuka kitandani. Wameniuliza kaka yangu yuko upande gani wa ubishi wa albamu, nikasema upande wa waliokosea.

Maana umekosea vibaya. Bila ile milango wimbo wa nne hausimami hata kidogo. Nina hoja zangu, zote ninazo kichwani, na likizo nakuja kukubishia ana kwa ana. Nitakaa upande wowote, kushoto au kulia, utanisikia tu.

Mdogo wako