Shubiri Moja, Mtaa wa Visima Viwili

Xiamen, 6 Novemba 1927

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimetulia tangu mvua ziishe? Mimi ni mzima, na nikisema mzima nimesema kidogo. Leo ni siku ya arobaini ya ndoa, na Ka-liong akipanda ngazi bado moyo unanienda mbio kama mgeni yuko mlangoni. Balungi ulilotuma alilimenya mwenyewe, hakuacha utando hata mmoja. Chumba chetu ndicho kile cha juu, ulichokaa na marehemu mama kabla hujamuuzia baba mkwe duka hili la chai. Kitanda cha mama ndicho tunacholalia.

Mtaa wako hutautambua. Uchochoro ambamo miavuli miwili haikupishana, sasa utapitisha magari. Wakubwa wa mji wameamuru kila duka likatwe mbele hatua nne, kisha ghorofa inajengwa juu ya njia ya watu, imeegemea nguzo. Kila nguzo hubeba maduka mawili, kwa hiyo jirani asipotia muhuri wa kukubali, hakuna nguzo wala ghorofa. Na jirani yetu, Mzee Khoo wa duka la ubani, hataki. Anasema jiwe la mpaka limeingia kwake shubiri nzima, na mwizi ni baba mkwe. Mwisho ni tarehe 31 Desemba. Ikipita, tunakatwa tu, na chumba changu kinakwenda na vumbi.

Wewe ulikuwa hapa kabla yetu. Jiwe lilikuwa wapi?

Mwanao,
Siok-bin

*

Zhangzhou, 17 Novemba 1927

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinanipa nafasi mchana. Nimefurahi kusikia mumeo anajua kumenya balungi.

Mtaa ule nilifika nikiwa na miaka kumi na sita. Kisima cha juu kilikuwa cha wenye maduka, cha chini cha mabaharia, na ugomvi wote ulianzia katikati. Meli ikitia nanga, mbao za milango zilifunguliwa zote kwa pamoja, ukadhani ngurumo. Khoo na mimi tulikuwa na kigoda kimoja, tukikikalia wote wawili. Yeye meno yake yalikuwa mekundu kwa tambuu, akisema mwenye meno meupe hana marafiki.

Habari za jiwe ni za zamani, sikumbuki. Mtii mkweo.

Baba yako

*

Xiamen, 1 Desemba 1927

Baba mpenzi,

Shikamoo. Unalala vizuri? Sisi wawili hatujambo, ila baba mkwe hali chakula, anachovya kijiko kwenye uji na kukirudisha.

Nilimpelekea Mzee Khoo chai. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniambia kwamba zamani mtaani hapa mkosaji alikwenda mwenyewe na popoo, ile kokwa ya kutafuna na tambuu, imefungwa karatasi nyekundu, akaiweka kizingitini. Aliyekosewa akiitafuna, neno limekwisha. Amemngoja baba mkwe miaka ishirini na mbili. "Binti wa Lim," akasema, akinitajia jina lako, "jiwe halina miguu."

Jana fundi alibandua chokaa kwenye ngazi yetu. Ukuta wa upande wa Khoo ni wa matofali mengine, mapya kuliko nyumba. Ngazi imepanuliwa shubiri moja. Ka-liong aliona, akanishika mkono, hakuuliza. Ninayeuliza ni mimi. Upendo wangu kwako hautapungua.

Mwanao,
Siok-bin

*

Zhangzhou, 18 Desemba 1927

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mumeo. Nimeandika barua hii mara nne.

Kitanda cha mama yako hakikupita kwenye ngazi. Alikuwa amekuja nacho kutoka kwao, amekaa juu yake katikati ya duka, anacheka, na wateja wanamzunguka. Nilimwambia ngojea. Siku ya ngoma za hekalu mtaa mzima ulikwenda kutazama, Khoo akiwa wa kwanza. Nilisogeza jiwe na ukuta. Aliporudi alinisifu kwa ngazi nzuri. Baadaye sikuweza kukaa naye kigoda kimoja, nikauza; alipokuja kupima, mwenye duka alikuwa mkweo.

Nimefunga popoo kwenye karatasi nyekundu. Mpelekee.

Baba yako

*

Xiamen, 21 Desemba 1927

Baba mpenzi,

Shikamoo. Nimelia, na Ka-liong amelia nami, kwa sababu yeye angevunja ukuta kwa ajili yangu vilevile.

Popoo yako nairudisha. Haipelekwi na mtoto. Mashua za mto zinaondoka kila asubuhi.

Siok-bin wako

*

Xiamen, 8 Januari 1928

Baba yangu,

Shikamoo. Ulifika salama? Kifua hakikupata baridi ya mto?

Ulikuja tarehe 29, ukaondoka kwa mashua ya mchana bila kupanda kwetu. Kumbe ulikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa nikipima chai. Nilijua tu nilipomsikia Mzee Khoo akitwanga. Hana hata jino moja, Baba. Alikaa kizingitini, popoo yako kwenye kinu kidogo, akatafuna mchana kutwa, midomo myekundu kama bibi harusi, na wapitao wakimtania kwamba anaposwa. Kisha akaingia kwetu, akainama mbele ya baba mkwe, akamwomba radhi. Baba mkwe alikula mabakuli matatu.

Muhuri umetiwa. Shubiri imerudi, kwa hiyo ngazi ni nyembamba tena, na kitanda cha mama kilitolewa dirishani kwa kamba, mtaa mzima ukipiga kelele na kumpa Ka-liong mawaidha ambayo siwezi kuyaandika. Nilitamani ardhi inimeze, na nilikuwa na furaha kupita kiasi. Nguzo ikisimama, kitapandishwa kwa njia hiyohiyo.

Mzee Khoo amekitoa kigoda chenu mlangoni kwake. Amekaa upande mmoja tu, wa pili ni wako. Anasema nikuandikie hivi: mara nyingine uje na popoo iliyokwisha twangwa.

Mwanao mwenye furaha,
Siok-bin