Mama Mkwe Anakohoa na Anataka Kumshika Mwanawe

Shangazi Bitutu mpendwa, niokoe kabla sijawa adui wa ukoo mzima. Mimi ni mke wa Joash Mokaya, fundi cherehani wa hapa Homa Bay, mwanamume anayenichekesha hata nikiwa nimenuna, na sasa ana saratani ya damu, amelazwa Kisumu katika chumba cha wagonjwa mahututi, na daktari ameniambia waziwazi kwamba dawa zimemmalizia chembe za damu zinazopigana na magonjwa, mapafu yameanza kushindwa, figo nazo haziko sawa, na mtu wa hali hiyo akiambukizwa hata mafua tu anaweza kutuponyoka, kwa hiyo watu wasiingie, lakini shangazi, wewe unatujua, kwetu mgonjwa asipotembelewa ni kama ametupwa, na mama mkwe wangu Filister, anayenipenda kama aliyenizaa, amekusanya waumini wenzake wa Rangwe waje Sabato ya mwisho wa mwezi wamwekee Joash mikono, na yeye mwenyewe anakohoa, nilipomwomba asije akaniuliza, "Phanice, huyo nilimbeba mgongoni, leo mkono wangu umekuwa sumu?" nikalia tu. Nikiwazuia na Joash afariki, watasema nilimficha. Nikiwaruhusu, naogopa nitampoteza. Nifanye nini?

Phanice, Homa Bay

Phanice mwanangu,

Pole sana. Huyo Joash wako nimeshampenda kabla sijamwona.

Sasa nikugombeze kidogo. Kwa nini maneno mazito ya daktari umeyabeba peke yako? Wewe ni mke. Ukisema "msiingie", wakwe wanasikia uchoyo, hawasikii ugonjwa. Mchukue ndugu wa damu wa Joash, umkalishe mbele ya daktari, aambiwe yote: chembe za damu, mapafu, figo. Kisha yeye ndiye aende Rangwe akawaeleze. Wewe usifungue mdomo.

Wala usiwaambie watu wa kanisa wakae bure nyumbani. Waimbe na kuomba kwenye kaseti, mama aongee humo na mwanawe kwa jina alilokuwa akimwita utotoni. Mwombe nesi ruhusa, redio ya kuchezea kaseti ipanguswe vizuri kwa dawa ya kuua vijidudu, umchezee Joash taratibu karibu na sikio.

Mama akishapona kikohozi, daktari ndiye ataamua kama aingie. Kabla ya hapo, hata akilia mlangoni, kataa. Lia naye, mkumbatie, lakini kataa.

Siwezi kukuahidi kwamba Joash atapona. Akipona, wote watamshika mikono mpaka awafukuze. Asipopona, Filister atamlilia mwanawe miaka yote iliyobaki, na hutaweza kumpunguzia kilio hicho. Ila hatawahi kulala akijiuliza kama ni kikohozi chake kilichomuua.

Mkatalie mama, mwanangu, kwa sababu unampenda.

Shangazi Bitutu