Asubuhi Ua Ulipokuwa Mtupu

Mama yangu uliyetangulia,

Shikamoo. Nakuandikia kuhusu vitambaa, jambo ambalo ukiwa hai nisingethubutu kulitaja mbele yako.

Ulikuwa mwaka wetu wa pili katika kijiji cha Ujamaa, Ihanja. Kwenye tembe letu la zamani, nyumba ya paa bapa la udongo, ulivianika juu ya paa, mbali na macho ya watu. Kijijini nyumba zilipangwa mstari, na kila aliyekwenda shamba la pamoja aliuona ua wako wa mabua. Saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imekwisha kutoboa kibofu. Mkojo ulikuvuja kutwa, ukaukinga kwa vitambaa. Mimi nilikuwa dresa wa zahanati, mfunga vidonda, lakini kwetu mtoto wa kiume hamuulizi mama yake habari za chini ya kiuno. Basi kila asubuhi nilihesabu vitambaa uani, nikapima hali yako kwa idadi yake.

Asubuhi moja ua ulikuwa mtupu. Shangazi akapaza sauti kutoka nyumba ya pili:

“Wifi, leo ua uko uchi!”

“Sina cha kufua, wifi. Tangu jana sijalowa.”

“Basi kesho jembe begani, uvivu umekwisha!”

Ukacheka, umeshikilia mlango. Nami nikachinja jogoo.

Hukula. Ulinusa mchuzi, ukageuza uso. Kisha kwikwi ikakushika, ukajikuna mikono, ukawa unasinzia katikati ya maneno. Nikamwambia shangazi, “Mwache apumzike, anapona.” Siku ya tano hukuamka.

Masomo ya baadaye yalinieleza: uvimbe ulikuwa umebana mirija yote miwili inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mkojo ulikosa njia, sumu yake ikabaki damuni. Sidai kwamba ningekuokoa. Kwa zana za siku zile, sina msingi wa kudai hivyo. Nadai jambo dogo zaidi: ningejua, nisingeshangilia. Ningekaa nawe.

Sasa nafundisha waganga vijana wa hospitali. Wakifika kwa mgonjwa wa umri wako, huinamisha macho. Siwakemei. Mimi huvuta kigoda, nikauliza wakinisikia: “Shikamoo, mama. Tangu jana umepata mkojo?”

Juzi mama mmoja wa Unyambwa alinishika mkono. “Mwanangu,” alisema, “nilikuwa nangoja mtu aniulize.”

Nawe, mama, ulikuwa ukingoja?

Pumzika. Swali langu limechelewa, lakini nimelileta.

Mwanao, aliyehesabu vitambaa