Mipira ya Breki Niliyoikuta kwenye Pikapu Yako

Fundi wangu Salvatori,

Shikamoo. Leo nakuamkia nikijua hutaitikia.

Ni miezi minne tangu tukuzike. Gereji bado inaitwa kwa jina lako, ila anayelala chini ya magari sasa ni mimi peke yangu. Ngara imejaa, Fundi. Wakimbizi bado wanaingia, na ule mteremko wetu wa Rusumo umekuwa njia ya miguu: akina mama na kuni vichwani, watoto na madumu ya maji, kila upande wa barabara.

Land Cruiser ya zahanati, ile inayochukua wajawazito kambini, imeletwa pedeli ya breki ikizama hadi chini. Mipira ya masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki, imekwisha. Orijino hakuna mjini. Lori la spea limekwama Biharamulo, linasubiri askari wa kulisindikiza porini kwa sababu ya watekaji. Dukani ipo mipira ya kuiga tu, kwenye boksi linalong'aa kuliko la kiwandani. Niliulowesha mmoja kwenye mafuta ya breki kama ulivyonifundisha. Kulipokucha ulikuwa umevimba. "Huu wape watoto wachezee," ungesema, na ungenirushia usoni.

Nikawaza pikapu yako. Mkeo, Mama Jenista, hajaruhusu mtu aiguse tangu ufe. Nilipomwomba, aliniletea ufunguo. "Toa unachotaka, mwanangu. Mwenyewe hatateremka nayo tena."

Nikafungua silinda. Fundi, mipira yako haina chapa ya kiwanda! Ni ile ile ya kuiga, imevimba na kulika kingo. Nilikaa chini pale pale kwenye oili. Wewe uliyenigombeza mbele ya wateja kwa mipira hiyo hiyo! Ndipo nikakumbuka mwaka juzi, ulipofunga seti yako ya mwisho ya orijino kwenye gari hili la zahanati. Sista wa zahanati alikuuliza lako utalifanyaje, ukamjibu, "Mimi ninayo nyingine." Hukuwa nayo. Ndiyo maana ulikuwa unateremka kwa gia namba moja, nasi tunakucheka kwamba unachunga mbuzi. Nisamehe kwa kicheko kile.

Sasa naogopa, sikufichi. Nikilizuia gari, mama mjamzito atafia njiani. Juzi mmoja alibebwa kwa machela na hakufika. Nikiliachia, pedeli inaweza kuzama katikati ya wale watoto. Nimemweleza Sista ukweli wote, sikumficha hata uvimbe wa ule mpira. Amesema wagonjwa hawawezi kusubiri lori.

Basi nimefunga mpya, ya kuiga. Kesho asubuhi tunateremka kwa namba moja, dereva akipiga honi njia nzima, nami nimekaa kando yake na gogo la kuzuia tairi mapajani. Sijui litasaidia nini. Siwezi kubaki gereji nikisikiliza.

Nakuahidi kila jioni nitaifungua silinda hiyo na kuikagua kwa mkono wangu, mpaka orijino zifike. Na sitamwambia mteja yeyote kwamba bandia ni orijino, hata njaa iniume vipi.

Kwaheri, Fundi. Ukiniona nakuja huko kesho, nifukuze nirudi kazini.

Mimi mwanafunzi wako,
Anatoli