Sauti yako juu ya filamu za Papa Muzimu

Papa wangu,

Jana mchana niliangalia tena filamu ya yule mwongozaji wako, ambaye jina lake lilikushinda kulitamka mpaka ukumbi wako mzima wa video ukamwita Papa Muzimu. Safari hii niliiangalia kwenye simu, kwa Kifaransa, bila wewe.

Enzi zile, kila Jumapili baada ya misa, ulisimama pembeni ya televisheni na mikrofoni yako, ukitutafsiria kila kinywa: mchawi, polisi, hata mbwa. Filamu nyingine za kutisha ulizitafsiri huku unatafuna karanga. Za Papa Muzimu, karanga uliziweka chini. Kwake mfu harudi kula watu. Anarudi kwa sababu kuna mtu bado anampenda, na woga unaanzia hapo. Vijana waliokuja kujionyesha majasiri walitoka wanapangusa macho, wakisingizia moshi wa jenereta. Mama mmoja muuza dagaa alikugombeza: yeye alikuja kuogopa, hakuja matangani.

Hii ya jana ni ya mke aliyezama, anayerudi kugonga mlango. Mume yuko ndani, mkono kwenye kitasa, hafungui. Ulituonyesha miezi michache baada ya ziwa kumchukua Mama. Nyumbani hukumtaja hata mara moja. Niliwaambia wadogo zangu kwamba umemsahau, wakaniamini, nami niliamini hivyo hata siku tulipokuzika. Lakini pale ukumbini yule mume alisema, kwa sauti yako:

“Enda upumzike, bibi yangu. Batoto bamekula. Ule mudogo ameanza kutembea.”

Jana niliyasubiri maneno hayo. Hayakuja. Mume anaegemeza paji la uso kwenye mlango, kimya kabisa. Nilirudisha nyuma mara tatu, nikidhani simu imekata sauti. Na nyumba ile, Papa, haina mtoto hata mmoja.

Namheshimu Papa Muzimu kwa kimya kile. Wengine wangejaza pale ngoma na mayowe. Yeye aliacha nafasi ya mtu mwenye huzuni yake kuingia, nawe ukaingia mbele yetu sote, tusijue.

Kesho nimewaita wadogo zangu. Yule mdogo aliyekuwa ameanza kutembea, siku hizi ana ndevu na maoni kuhusu kila kitu. Nitawatafsiria mimi. Tukifika mlangoni nitasema maneno yako, kisha nitasimamisha filamu na kuwaambia yalikuwa ya nani, na kwamba mimi ndiye niliyewadanganya.

Pumzika na Mama, Papa.

Binti yako mkubwa