Mita Tisini na Mbili

Gitting, Hanang
21 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Eva,

Marahaba! Nimeitikia mapema maana najua huko Songea shikamoo umeshaitoa. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Lile goti lako limepona? Mimi ni mzima, ila baridi ya mwezi huu imenikomesha, nalala na soksi mbili. Mahindi tumevuna, maharage yametuangusha.

Barua yako ya Pasaka niliisoma mara mbili. Uliapa hutakanyaga nyumbani mpaka mimi na kaka yetu Tomaso tumalize ugomvi wa shamba. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wewe ukachukua kalamu! Nilikasirika, sikujibu. Leo najibu, lakini nivumilie kwanza nikusimulie habari za nyaya, maana jibu liko huko.

Parokia imepata intaneti, na paroko amekubali sekondari yetu iitumie. Kamati ya shule ikanipa mimi, mwalimu mstaafu, kazi ya kusimamia uvutaji wa kebo mpaka chumba cha kompyuta. Fundi ni Yonas wa Nangwa, mtu mzima wa maneno machache, nami nilimchosha kwa maswali.

Unajua ndani ya kebo moja kuna nyaya nane? Zimesokotwa mbilimbili, jozi nne. Nikauliza zinasokotwa kwa nini. Kumbe jozi moja ikipitisha mawasiliano huisumbua ya jirani, na kule kusokotwa ndiko kunakopunguza usumbufu. Tena kila jozi msokoto wake umebana kwa kiasi chake! Mimi kwa unadhifu wangu nilizinyoosha kipande kirefu ili zipendeze. Yonas akakikata chote akakitupa.

Halafu kuna mpangilio wa rangi kwenye kichwa cha plastiki cha kuchomeka, kinaitwa RJ45. Nimeukariri kama jedwali la kuzidisha: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Umeona? Kijani ametengwa na mwenzake, buluu wawili wamekaa katikati. Kwa nini? Yonas anasema ni mambo ya simu za zamani. Sijaridhika, ukikutana na mtu anayejua niulizie.

Kebo yetu ni ya daraja linaloitwa Cat 6. Cat 5 ni ya zamani zaidi. Utaratibu wote wa kuunganisha kompyuta kwa waya namna hii unaitwa Ethernet, na una sheria zake. Moja ndiyo iliyoniumbua: kebo ya shaba isizidi mita mia moja kutoka kifaa hadi kifaa.

Tulipima. Kutoka ofisi ya parokia hadi chumba cha kompyuta, ukinyoosha, ni mita tisini na mbili. Lakini kunyoosha ni kupita kati ya shamba langu na la Tomaso, palepale tunapogombania hatua mbili tangu tumzike baba. Nikamwambia Yonas tuzunguke nyuma, huku kuna mawe. Mawe gani, Eva? Uongo mtupu. Yonas akanionya kwamba itazidi mia, nikashikilia; tukazunguka, ikawa mita mia moja thelathini na nane.

Kompyuta ziliwaka. Mtandao ukaja, ukakata, ukaja, ukakata. Wanafunzi wa kidato cha nne walitazama kile kiduara cha kusubiri, kisha wakageuka kunitazama mimi. Yonas akasema ama tunyooshe njia, ama tuweke swichi katikati, kisanduku cha kupokea mawasiliano na kuyasukuma mbele, nacho kinataka umeme. Umeme wa karibu na hapo uko nyumbani kwa Tomaso tu! Huku Tomaso, na kule Tomaso. Nilicheka kwa hasira.

Nikaenda. Miaka sita nilikuwa sijaingia ile nyumba. Mkewe Restituta akanipa kiti na chai. Tomaso alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja: "Sasa mlizunguka kwa nini?" Nikamwambia ni kiburi changu. Nililia, Eva, usimwambie mtu.

Kesho yake akaja na jembe na sururu, akaniuliza mtaro upite wapi. Juu ya kebo plau haipiti, kwa hiyo pale tutakapochimba ndipo mpaka utakapokuwa, na sote tulilijua hilo. Nikamwonyesha mstari anaoudai yeye. Akasogea hatua mbili, akaanza kuchimba kwenye mstari ninaoudai mimi. Nikamshika mpini, nikamwambia arudi kule. Akakataa. Tukafokeana mpaka paroko akatoka nje, kila mmoja akimlazimisha mwenzake achukue ardhi! Yonas akatukumbusha kwamba kebo haijui shamba ni la nani, na jua linazidi kupanda. Tukachimba katikati.

Mtandao sasa haukati. Jumapili Tomaso na Restituta walikula kwangu, na maziwa ya mgando Tomaso kayamaliza yote bila haya, kama zamani. Nimefurahi mpaka najishangaa.

Msalimie sana shemeji, na wanangu Alfredi na Benedikta. Restituta anakusalimu, paroko pia. Mungu akutunze wewe na nyumba yako, akulinde safarini. Maana kisingizio huna tena, Eva. Andika tu siku ya basi: stendi ya Katesh utatukuta wawili.

Dada yako akupendaye,
Judica